Bado Chumvi

Mkanda ndio uliomsema mzee. Mwenyewe hakusema kitu. Aliamka alfajiri kama siku zote, akafagia chumba cha mbele kilichokuwa karakana yake ya viatu, akaweka mguu wa chuma wa kuvalishia viatu juu ya benchi na kuanza kugonga soli za watu. Ukimuuliza hali, alijibu kwamba ni mzima kabisa. Lakini mkwewe, mke wa mwanawe wa kiume, ndiye aliyekuwa akimfulia nguo, na Jumatatu moja alipochomoa mkanda kwenye suruali ili ailoweke, moyo ulimpasuka. Palikuwa na matundu mapya matatu. Yalikuwa yametobolewa vizuri, kwa koleo ya kazi, kila tundu likiwa mbali na mwenzake kwa kipimo kile kile, maana fundi wa kweli hata akikonda hukonda kwa vipimo.

Ilikuwa miezi miwili tangu mama wa nyumba ile azikwe. Tangu siku hiyo mzee alikuwa akila vijiko viwili, akijitahidi sana vitatu, kisha anashukuru na kulisogeza bakuli taratibu mpaka katikati ya meza, kana kwamba anamwachia mtu mwingine.

Mkwe huyu hakuwa mpishi, na asilaumiwe kwa hilo. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, zamu ya alfajiri mpaka saa sita mchana. Mpe mashuka mia moja ayakunje pembe kwa pembe, utapenda mwenyewe. Jikoni alikuwa mgeni kwa sababu jiko la nyumba ile lilikuwa na mwenyewe. Miaka mitatu tangu aolewe, kila akinyoosha mkono ashike hata mwiko, mama mkwe alimwambia, "Umesimama tangu alfajiri, mwanangu. Kaa, utaitwa." Kila mtu aliambiwa ataitwa. Watoto wa kuwazaa mwenyewe walikua wakifukuzwa jikoni na kupelekwa uani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona sufuria ya mama yao kabla haijaiva. Sasa mwenye jiko ameondoka na siri zake zote, na sufuria zimebaki zikimtazama mkwe.

Basi akapiga moyo konde. Alianza kwa kumuuliza mumewe, fundi wa umeme, supu ya mama ilikuwaje hasa. Mumewe hakusita: mifupa, tangawizi na pilipili manga, nzito ya kushikilia kijiko. Akampigia simu wifi yake, mwalimu aliyekuwa akiishi mji wa mbali. Naye hakusita: karoti, viazi na majani ya giligilani, nyepesi ya kuonekana mpaka chini ya bakuli, na hiyo habari ya pilipili manga kaitoa wapi huyo mdogo wake? Kaka na dada wakabishana kwenye simu nusu saa nzima, watu wazima wenye akili zao. Ilichukua muda mkwe kung'amua kwamba kila mmoja alikuwa akikumbuka alichopikiwa alipokuwa mgonjwa. Mmoja utotoni alisumbuliwa na kifua, mwingine na tumbo, na mama yao alimpa kila mtu supu ya maradhi yake.

Alizipika zote mbili. Jumanne alitoka kazini moja kwa moja mpaka kwa muuza nyama, akachemsha mifupa mpaka ikatoa uboho. Jumatano ikawa karoti. Alhamisi akajaribu mchuzi wa maharage aliofundishwa na mwenzake wa kwenye pasi, mwanamke mmoja aliyeapa kwamba mchuzi ule umewainua wagonjwa kitandani. Kila siku mzee alikula vijiko viwili na kusema, "Ahsante, mwanangu. Ni tamu." Ingekuwa amenuna, au amesema haina ladha, mkwe angejua pa kuanzia. Ile shukrani ndiyo iliyomkata maini.

Ijumaa wifi aliwasili kwa basi la mchana. Huyu alikuwa mtu wa kuingia nyumbani huku anapanga viti, na kabla hajavua viatu alikuwa ameshaona kila kitu: pazia linahitaji kufuliwa, bomba la uani linavuja, na baba yake amebaki nguo tupu. Mkanda hakuhitaji kuonyeshwa. Alimsalimia baba yake kwa heshima zote, akakaa naye karakanani akimsikiliza anavyogonga, kisha akaja jikoni na kufunga mlango. Alisema Jumapili jioni anaondoka naye.

Mkwe alijaribu kumweleza kwamba kule kwake ni ghorofa ya nne, hakuna pa kuweka benchi, hakuna mteja wala jirani anayemfahamu, na mzee bila viatu vya kugonga atakaa dirishani anahesabu magari mpaka lini.

"Nimeshazika mmoja mwaka huu, wifi," yule mwalimu alisema. "Wa pili siwezi kumzika kabla mwaka haujaisha."

Mkwe hakuona ubaya ndani ya maneno yale, aliona hofu, na hofu hiyo hata yeye alikuwa nayo. Lakini aliumia. Alipoletwa nyumba ile, hajui pa kukaa wala pa kusimama, zawadi aliyopewa na baba mkwe ilikuwa viatu vya kazi. Mzee alimpima miguu kwa kipande cha uzi, akamuuliza anasimama saa ngapi kwa siku, akamtengenezea soli mbili, moja juu ya nyingine. Miaka mitatu anasimama mbele ya pasi na miguu haimuumi. Sasa mtu aliyembeba hivyo anaondolewa kwa sababu yeye ameshindwa kumlisha. Watu wangesema hivyo, na hata wasiposema, yeye angejisemea.

Jumamosi wifi alifunga khanga kiunoni na kutangaza kwamba leo atapika yeye. Alilalamikia visu, akalalamikia moto, akapika supu yake ya karoti kwa kujiamini kwa mtu aliyekwisha kushinda. Ikaiva, ikanukia nyumba nzima. Mzee alikula vijiko viwili. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Ni tamu."

Mkwe alimkuta wifi yake uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia kimya kimya ili asisikike ndani. Akavuta ndoo nyingine. Walikaa hivyo, na ugomvi wao ukafia pale pale.

"Tulikuwa tunacheza hapa hapa," wifi alisema alipomaliza kupenga kamasi. "Mfuniko wa sufuria ukilia mara ya kwanza, tunajua bado kidogo. Ukilia mara ya pili, tunakimbilia bomba kunawa mikono. Mama alikuwa na kelele za vyombo, sijui kwa nini. Mtu mtaratibu vile."

Jumapili, siku ya mwisho, mkwe aliamka na mafua ya kufa mtu. Ule mvuke wa kiwandani na baridi ya alfajiri vilikuwa vimemtega siku nyingi, vikachagua siku hiyo. Pua zilimziba kabisa. Alitia kidole kwenye limau akalamba na hakusikia kitu. Mumewe alikuwa zamu, ataingia saa ya chakula, na wifi alikuwa amekwenda kituoni kukata tiketi mbili. Mkwe alipika hivyo hivyo, shingo upande, mifupa na viazi na karoti ndani ya sufuria moja, mambo ya kaka na ya dada yamekutana humo. Alitia chumvi kwa kukisia. Kisha akasimama na mwiko mkononi, hajui kama ametia kidogo au amezidisha, na nyumba nzima hakuna wa kumuuliza isipokuwa mtu mmoja.

Kwenye fremu ya mlango wa kutokea jikoni kwenda karakanani kulikuwa na kijiko kidogo cha mbao, kinaning'inia kwenye msumari peke yake. Siku zote alidhani ni cha gundi. Alikichukua kwa sababu kilikuwa karibu, akakinusa bila faida, akakiosha, akachota mchuzi na kutoka nao akiukinga kwa kiganja.

Mzee alikuwa ameinama juu ya kiatu cha kike, vidole vyote vimejaa gundi.

"Baba, samahani kwa kukusumbua," mkwe alisema. "Nina mafua, sisikii ladha yoyote. Naomba unionjee chumvi."

Mzee aliinua uso. Alikitazama kile kijiko kwa muda mrefu, mpaka mkwe akafikiri amekosea kukitumia. Kisha akakunja ngumi ya mkono wa kushoto na kuinyoosha, mgongo wa mkono ukiwa juu, mahali pasipo na gundi. Mkwe hakuambiwa la kufanya. Alidondosha mchuzi pale penye mgongo wa mkono, mzee akaulamba, akafumba macho.

"Bado chumvi," alisema.

Mkwe alirudi jikoni mbio. Akatia kijiko kizima, akakoroga, akafunika, akarejea. Mzee alikuwa hajagusa tena kile kiatu. Akanyoosha mkono, akalamba tena.

"Bado."

Akatia kijiko kingine, na nusu yake juu, maana alikuwa amekata shauri kwamba leo chumvi haitakuwa ndiyo sababu. Aliporudi mara ya tatu mzee alilamba, machozi yakamlengalenga. Alijikaza. "Hapo sasa," alisema, akainuka kwenda kunawa mikono kabla hajaitwa.

Mezani walikuwa wanne. Mume alikuwa ametoka kazini na njaa ya kutosha, akala kijiko cha kwanza kwa pupa, kisha akatulia ghafla na kumtazama mkewe. Wifi alikuwa ameshika funda la supu mdomoni, hana pa kulipeleka. Alikuwa karibu kusema jambo, lakini mdogo wake alimkanyaga mguu chini ya meza, akamwonyesha kwa macho. Baba yao alikuwa anakula. Alikula kijiko cha nne, cha tano, cha kumi, akimega mkate na kuchovya. Akanywa bilauri ya maji, akaendelea. Watoto wake nao wakala, kufa kupona, wakipokezana jagi la maji, na mkwe aliyekuwa haonji kitu aliwatazama wote akajua kwamba ameharibu.

Mzee alimaliza bakuli. Akafuta mdomo, akamgeukia.

"Mwanangu, hivi uliongeza kweli?"

"Si ulisema bado, baba?" mkwe alijibu kwa sauti ndogo. "Nikaongeza. Mara zote mbili."

Mzee akaanza kucheka. Alicheka polepole kwanza, mabega yakitikisika, halafu akashindwa kujizuia, akaegemea kiti, na hakuna aliyejua ni wakati gani kicheko kiligeuka kilio, maana vyote viwili vilitoka pamoja. Hawakumwingilia. Alipopata pumzi alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, ule ule.

"Mama yenu hakuwahi kuongeza hata chembe," alisema. "Anarudi jikoni, anagonga mfuniko nisikie, anakuja tena na mchuzi ule ule."

"Mara mbili," wifi alisema taratibu.

"Mara mbili. Miaka thelathini na minane."

"Na wewe ulikuwa unajua, baba?"

"Chumvi yake ilikuwa sawa tangu mara ya kwanza," mzee alisema. "Nilikuwa nasema bado ili arudi." Akakitazama kile kijiko kidogo alichokuja nacho mkwe mezani bila kukusudia. "Tangu aende, mnaniletea chakula kikiwa tayari. Kizuri, nawashukuru. Ila hakuna aliyekuja kuniuliza."

Wifi aliondoka jioni ile kwa tiketi moja, ya pili akaiacha juu ya kabati bila kusema ni ya nani. Mguuni alikuwa na kiatu chenye kisigino kipya, na kwenye mkoba alikuwa na chupa mbili za maji, kwa sababu kiu ya supu ile ilikuwa haijaisha. Mlangoni alimkumbatia mkwe kwa nguvu, akamwambia kwamba likizo atakuja kuangalia ule mkanda.

Mafua yalichukua siku nne. Siku ya tano mkwe alionja supu mwenyewe akiwa mbele ya jiko, akairekebisha, akaonja tena, ikawa sawasawa. Akachukua kijiko kwenye msumari akaenda karakanani. Mzee hakuinua macho kwenye soli aliyokuwa akiishona. Alinyoosha ngumi, akalamba, akafikiri.

"Bado chumvi, mwanangu."

"Haya, baba."

Akarudi jikoni. Chombo cha chumvi hakukigusa. Aliinua mfuniko wa sufuria, akaugonga juu ya sufuria ukalia mpaka uani, akasimama pale akihesabu mpaka kumi, kisha akachota mchuzi ule ule. Alipotokea mlangoni, mzee alikuwa ameshanyoosha mkono.