Sufuria ya Madam Mbithe

Ofisi nzima ya walimu ilijua: leo Bwana Kiema, mwalimu mkuu, angeketi kwa somo la Madam Mbithe, na likiharibika, bodi ya shule haingemwajiri tena muhula ujao. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka hata kuogopa. Tangu mwenzake wa fizikia ahame, madarasa yote ya somo hilo yalikuwa yake.

Asubuhi, kwa ajili ya somo hilo, alikoroga wanga wa mahindi, ule mlaini wa kuongezea supu uzito, kwa maji baridi ndani ya sufuria. Ingiza kidole polepole, kinazama; piga ngumi, unakuwa mgumu kama ukuta. Akaiacha sufuria kwenye meza ya maabara, akalaza kichwa kando yake.

Kengele ilipomwamsha, sufuria haikuwepo. Mara akaingia Kalekye, mpishi wa shule, ameishika kwa kitambaa, inatoa mvuke.

"Nimekukuta umelala, mwanangu, na uji hata hujaupika. Sasa siwezi acha mtoto wa mtu hivyo. Nimeongeza maji, nikatia na sukari."

Mbithe hakuwa na nguvu za kukasirika. "Asante, mama." Wanafunzi walishaanza kuingia, Bwana Kiema nyuma yao.

Haron, mwanafunzi aliyeahidiwa jana kwamba ndiye atapiga wanga huo mbele ya darasa, hakungoja. Alishusha mwiko kwa nguvu. Pwaa! Uji ukarukia tai ya mwalimu mkuu.

"Madam, hii imekataa!" Haron akasema.

"Hii ni chai ya saa nne, buda!" mwenzake akamdakia kutoka nyuma.

"Nyamazeni," Mbithe alisema, bila kupandisha sauti. "Ikiwa mbichi, ukiipiga inakaza. Sasa imepikwa, imegeuka. Haron, koroga. Haraka."

Mwanzoni mwiko ulikuwa mzito. Kadiri alivyokoroga, uji ulizidi kulegea. Alipoacha, ukaanza kushikana tena.

"Ni kama ile sosi ya nyanya ya kibanda cha chipsi pale Dagoretti," Mbithe akasema. " Si mpaka utikise chupa ndio itoke? Maji hayana hayo. Ukoroge usikoroge, ni yale yale. Lakini kuna vimiminika vikisumbuliwa vinakaza, na vingine vinalegea."

"Na wewe, madam, ukisumbuliwa?" Haron akauliza. Darasa likaangua kicheko.

Bwana Kiema alikuwa bado anafuta tai. "Mimi ni mtu wa historia, na nimeelewa kitu hiyo. Muhula ujao uko na sisi." Akafika mlangoni, akageuka. "Na kidato cha kwanza hawana mtu wa hesabu. Utawachukua pia."

Mbithe aliitikia kwa kichwa, akavuta kiti karibu na sufuria ya uji.

"Haron, kimbia jikoni uniletee kikombe."