Ndege, Taa na Msaragambo wa Bombo

Taa, yule samaki bapa wa baharini, alikuwa mkavu kama kandambili ya zamani. Nilimtundika kwa msumari juu ya ubao, mkia wake mrefu ukining'inia. Mwanaidi, muuza samaki wakavu hapa Same, aliniazima kwa sharti moja: nimrudishe mzima. Kando yake nikachora ndege mdogo wa kijani, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, yule anayeishi milima yetu ya Upare tu.

Darasa la sita wakacheka. Nikawaambia wacheke huku wanaandika. Wote wawili wana uti wa mgongo. Huyu ana mifupa na manyoya, anataga. Yule ni samaki asiye na mfupa hata mmoja, gegedu tupu, na anazaa. Mstari wa mwisho, hali yao duniani: wote wamo hatarini kutoweka.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ni baba. Nikaizima, mwalimu gani anapokea simu katikati ya kipindi? Nilipompigia mchana, alisema basi, imeshapita.

Baba alikuwa kitandani nyumbani kwetu Bombo, kijijini mlimani, mwaka mzima, miguu imemkataa. Kilichombakia ni miti mitatu nje ya dirisha, na ndege hao hao wa kijani waliokuja kila asubuhi kundi zima. Shamba lilikuwa limegeuka pori. Mimi, binti yake wa pekee, nikajifanya mwerevu, nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji aitishe msaragambo. Kwetu pembe ikilia hakuna anayebaki ndani. Watu hutoka na majembe na mapanga kumsaidia mwenzao. Nilimwambia wasafishe kila kitu. Kwa mdomo wangu huu: kila kitu.

Jumamosi nilipanda mlima. Jirani yetu Hedwiga alinipokea kwa furaha, akanionyesha hadi kuni zilizopangwa ukutani, bado mbichi. Nikashukuru. Ningefanyaje, na watu walikuja kwa upendo? Lakini nilijichukia.

Chumbani mwanga ulikuwa mwingi mno.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, Rogathe. Wamefanya kazi nzuri, usiwalaumu.” Akageukia ukuta. “Nilikupigia pembe ilipolia, uwaambie waiache ile miti. Sauti yangu haifiki nje.”

Alituacha kabla ya masika. Siku zote zilizobaki hakuniuliza habari za ndege, wala mimi sikuzitaja.

Taa nilikuwa nimemrudishia Mwanaidi Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi. Alimgeuza huku na huku, akaridhika. Mzima.