Zamu ya Bi Kengele

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, karani wa matangazo alifungua ofisi yake ya stesheni, akapangusa vumbi kwenye kibodi na kuwasha kompyuta. Kioo kikabaki cheusi, kikisubiri amri. Akaandika *sema*, akafungua alama za kunukuu, akaandika kwamba treni ya kwanza inaingia jukwaa la pili, akazifunga na kubonyeza kitufe. Vipaza sauti vikasema vivyo hivyo, kwa sauti ya mama yake.

Hilo halikuwa la ajabu. Mama yake, Bi Kengele, alitangaza treni pale miaka ishirini na sita. Treni ikichelewa alisema, "Poleni wanangu, inakuja," na hata wenye hasira zao walitulia. Kisha mkuu wa stesheni akamwomba asome sentensi elfu tatu kwenye maikrofoni, eti za kumbukumbu. Alizisoma wiki mbili mpaka koo likamkauka. Siku aliyomaliza, sauti yake ikaingizwa kwenye kompyuta, naye akakabidhiwa barua ya kuachishwa kazi.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mkuu alimliwaza.

Ala! Koleo lenyewe lilikuwa zima kabisa. Bi Kengele akaenda zake nyumbani, na mwaka wa pili akafariki.

Siku moja ya mvua treni mbili ziliingia pamoja, na karani, kwa haraka, akafunga alama za kunukuu bila kuandika kitu ndani. Programu ilipaswa kunyamaza. Vipaza sauti vikakohoa kidogo, kile kikohozi cha mama yake cha kusafisha koo.

"Kitinda mimba wangu, umekula?"

Abiria mmoja jukwaani akajibu kwamba bado. Wengine wakaendelea kukung'uta miavuli.

"Nimekula, mama," karani akajibu kwa mdomo, maana angeandika, jibu lingetoka kwa sauti ya mama, naye angejijibu mwenyewe.

Tangu hapo, kila treni ikishaondoka, alizima vipaza sauti vya nje, akaacha kile kidogo cha mezani, kisha akaandika alama tupu. Wakakumbushana birika lililovuja, gauni la buluu, na yule mtoto aliyelala juu ya mifuko ya barua akisubiri zamu ya mama yake iishe. Karani alicheka hadi machozi. Alikuwa na hamu na mama yake mno.

Mkuu wa stesheni akapita, akasikia.

"Shikamoo, Bi Kengele."

"Marahaba, bosi."

Mkuu akamwomba aongeze kasi kidogo, na kuanzia Jumatatu atangazie stesheni ya jirani pia.

Jumatatu jioni kikohozi kilikuwa kirefu.

"Mwanangu, zamu yangu inaisha saa ngapi? Nimechoka, na huku hakuna kiti."

Karani alijua jibu. Sauti yote ilikuwa faili moja, na mstari mmoja wa amri ungeifuta. Akaweka vidole kwenye kibodi. Akafikiria ofisi ile bila ile sauti.

"Bado kidogo, mama," akasema.

Akawasha vipaza sauti vya nje, akaandika *sema*, akafungua alama, akaandika kwamba treni ya saa kumi na moja imechelewa, akafunga. Akabonyeza.

Vipaza sauti vikatangaza hivyo, kisha vikaongeza vyenyewe, "Poleni wanangu, inakuja."

Watu wakatulia.