Gachoki wa Wambeti

Wambeti alikuwa akichimba nduma kando ya kijito, chini ya shamba lake la majani chai huko juu ya Kianjokoma, alipomkuta mtoto wa upinde wa mvua amenasa matopeni. Alikuwa mfupi kama mkia wa ndama, rangi zake bado hazijakolea. Wambeti alimpangusa kwa leso, akamlaza kikapuni juu ya nduma, akaenda naye nyumbani. Alimwita Gachoki, jina la marehemu baba yake, maana jina zuri halitupwi.

Gachoki alilelewa ndani ya pipa la maji, na alikuwa mtundu kweli. Alijisugua kwenye nguo zilizoanikwa. Alilala juu ya mbuzi wa watu mpaka wakawa zambarau. Kanisani alijiviringisha shingoni mwa mhubiri katikati ya sadaka.

"Haki, Wambeti, angalia shuka zangu," jirani yake Purity alilalamika. "Zote kijani!"

Wambeti alizishika shuka, akazigeuzageuza kwenye mwanga. "Juzi kijani alikuwa hakijui," alisema. "Anakua huyu."

Shida ilikuwa maji. Mtoto wa upinde hunywa kama ng'ombe anayenyonyesha, na mifereji ya mradi wa maji wa kijiji ilikuwa imekauka tangu mavuno ya mahindi. Wambeti alimtekea kijitoni, akapanda mlima na mtungi mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso. Hakulalamika. Mtoto ni wa aliyemlea.

Mkutano wa mradi wa maji ulipoitishwa katika uwanja wa shule, mwenyekiti Ireri alieleza kwa upole kwamba ndovu wa msituni walikuwa wamekanyaga bomba. Watu wakasikitika. Gachoki, aliyechoka kufungwa kwenye leso ya Wambeti, akachomoka, akanusa ardhi, akaanza kufuata njia ya bomba. Watu nao wakamfuata, kwa kuwa mkutano ulikuwa umeshachosha. Alipita katikati ya majani chai, akapenya ua wa Ireri, akainuka wima, mguu mmoja ndani ya bwawa la samaki. Bomba la mradi lilikuwa likimwaga maji humo, nene kama paja la mtu.

Ireri alijipenyeza mbele ya watu.

"Mama," Ireri alimwambia Wambeti, "funga huyo mnyama wako."

"Ameona maji, akanywa, Mwenyekiti. Ni mtoto. Mambo ya kamati hajui."

Mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Kamati ikasema jambo hilo litaangaliwa. Uchaguzi ulipofika Ireri aligawa samaki boma kwa boma, akarudi kitini. Mifereji haikutoa hata tone, na Wambeti aliendelea kupanda mlima na mtungi wake.

Gachoki hakurudi tena pipani; alinenepea pale bwawani. Mchana alisimama juu ya nyumba ya Ireri, mpana, rangi zote zimekamilika, akionekana hadi ng'ambo ya bonde. Wageni walikuja kupiga picha. Jumapili moja Ireri alisimama kanisani, akamshukuru Mungu kwa kulibariki boma lake kwa ishara ya agano. Waumini wakaitikia amina.

Wambeti alinyoosha mgongo, akamgusa Purity kwa kiwiko.

"Umesikia?" alisema, bila hata kunong'ona. "Anamsifu mtoto wangu."