Upande wa Dubow

Msinicheke. Wakati wa vita vya shifta Garissa nzima ilikonda kwa dhiki, na mimi, Shamis, nikawa nakonda kwa kutaka. Daktari aliniambia moyo wangu umezidiwa na mwili. Nisipopunguza kula nitaanguka. Nami nilitaka kuwa hai mume wangu Dubow atakaporudi. Aliswaga ng'ombe kwenda Liboi, na tangu hapo si salamu si habari.

Basi nikajinyima. Uji kidogo, chai bila sukari, adhabu gani hiyo! Ila daktari alisema mwili ni mkaidi, ukiubana mfululizo unagoma. Kwa hiyo kila Ijumaa nipumzike, nile nishibe, kesho yake nirudi kujibana.

Ijumaa ya kwanza nilipika wali na nyama ya mbuzi, nikapakua kwenye sinia letu la wawili. Mazoea yana tabu. Nikala upande wangu, nikainuka kuchota maji. Niliporudi, upande wa Dubow ulikuwa umeliwa.

Nikasema ni paka. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, na paka gani huacha alama za vidole?

Niliogopa. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Wifi yangu Qali, dada yake Dubow, alikuwa akinihimiza nikae eda kwa sababu kaka yake amekufa. Nikamjibu kwa ukali kwamba maiti hali wali.

Ijumaa zikapita, na yule mlaji akaanza kuvuka katikati ya sinia. Kwetu kila mtu hula kilicho mbele yake, na Dubow hakuwahi kunigusia upande wangu. Nikajiambia ni njaa ya safari. Nilikonda hata siku za kushiba, bangili zikawa zinanidondoka.

Qali alipoziona bangili, alikuja Ijumaa moja baada ya swala akanikuta sebuleni na sinia limekwisha kuguswa. Nikamweleza yote. Akaketi mahali pa kaka yake, akaweka mkono wa kulia juu ya alama. Haukuingia. Akaweka wa kushoto, ukaingia kidole kwa kidole. Aliuondoa haraka, akaufuta kwenye nguo. Mtoto wa kwetu hufundishwa mapema kwamba kwa mkono wa kushoto hula shetani, na kwamba chakula kisichosomewa bismillahi hukila pamoja nawe.

"Abaayo, dada yangu," aliniuliza polepole, "huwa unasoma bismillahi?"

Nikainama. Ijumaa ya kwanza niliisahau kwa njaa; tangu ya pili sikuisoma kwa makusudi. Nilihofia nikiitamka, aliyekuwa akija ataondoka.

Qali akahama pale, akaisoma kwa sauti. Mahali pa Dubow mkeka, uliokuwa umebonyea bila mtu juu yake, ukanyooka taratibu. Tuliuona sote wawili. Akanitaka niape kwamba nitasoma bismillahi kila mlo na kukaa eda kama mjane yeyote. Nikaapa, huku nalia.

Ijumaa iliyofuata nilipika tena. Niliketi mbele ya sinia peke yangu, ng'ambo hakuna mtu. Nje askari walikuwa wakipita na kuzungumza. Nilingoja mpaka wali ukapoa; kula peke yangu kulinishinda. Bismillahi ilikuwa tayari mdomoni.

Nikaimeza, nikakata tonge. Ng'ambo, mkeka ukabonyea.