Kopo Lililokuwa la Sukari

Binti yangu alipokata vyakula vya wanga, nyumba nzima ilikatwa. Mkate ukatoka, wali ukatoka, viazi vikatoka, na mwisho ikatoka sukari. Akaimimina yote kwenye bakuli la jirani huku mimi nimesimama pembeni nikiiaga kwa macho.

"Sukari ni sumu, mama," akaniambia.

Nikamjibu kwamba sumu hiyo ndiyo iliyomkuza mpaka akapata kimo cha kunifundisha mimi kula. Akacheka kidogo. Mwenye njaa hacheki sana.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi kwa wateja, na mjukuu wangu wa miaka mitatu hucheza na vipande vya vitambaa chini ya meza. Tunamwita Chiriku, maana huamka akizungumza na hulala sentensi ikiwa haijaisha. Mama yake hupokea wageni hotelini, kazi ya kusimama na kutabasamu kutwa nzima, na akaanza kupata kizunguzungu akiwa kazini. Mimi nikayalaumu yale majani yake na mayai. Daktari akasema kosa si la majani, ni hedhi yake nzito, damu imepungua. Akapewa vidonge vya madini ya chuma vya kutosha mwezi mzima, vyekundu, vyenye gamba laini linalong'aa.

Kila asubuhi nilimuuliza kama amemeza, naye alijibu, "Nimemeza, mama," bila kunitazama. Nilidhani ni haraka ya kazi.

Vidonge alivileta kwenye kimfuko cha plastiki, akaona jikoni kwetu kuna unyevu vitaharibika. Kopo langu la bluu lilikuwa rafuni, tupu, na mfuniko wake unabana vizuri. Akavimimina humo. Nilimwona. Nilichofanya ni kumtania kwamba kopo langu limestaafu sukari na kuajiriwa hospitali.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo yeye hakuambiwa. Mimi na Chiriku tulikuwa na mila yetu. Akikubali kuchanwa nywele bila kupiga mayowe, anafumba macho, anatoa ulimi, nami nachota sukari kidogo kwa ncha za vidole kutoka kwenye kopo la bluu na kumdondoshea. Sukari ilipofukuzwa nyumbani, nilinunua nyingine nikaificha kwenye sanduku la nyuzi, na mila ikaendelea. Ila kichwani mwa mtoto, utamu uliendelea kukaa pale pale ulipokaa siku zote.

Siku hiyo nilikuwa nampima mteja mabega, mwanamke asiyeridhika na mkono wowote wa gauni. Tulibishana mpaka nikapandwa na hasira, na nilipotulia nikasikia kwamba chini ya meza hakuna sauti. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilitupa utepe wa kupimia nikaenda jikoni.

Alikuwa amekaa sakafuni, kigoda kimeegemezwa kwenye rafu, kopo katikati ya miguu yake. Midomo ilikuwa myekundu.

"Tamu, bibi," akasema.

Nilimtia kidole mdomoni nikatoa nusu kidonge. Ndani ya kopo vilibaki vichache, vimejikusanya pembeni. Sikumbuki nilivyofika barabarani. Namkumbuka tu jirani yetu fundi magari akifungua mlango wa gari lake kwa mikono yenye grisi, na Chiriku akinitapikia mapajani, matapishi yenye wekundu, akilia kwamba tumbo linauma. Nilikuwa nimembana yeye na kopo pamoja, kama vile vyote viwili vitanikimbia.

Hospitali tulipokewa na muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya upole. Akaangalia vidonge, kisha akaniuliza swali moja.

"Bibi, unadhani amekula vingapi?"

Hapo nikajibu kwa uhakika wa mtu anayenunua vifungo kwa hesabu. Vilikuwa vya mwezi, nikamwambia, na mwezi unakwisha. Mama yake anameza kila siku. Kwa hiyo kopo lilikuwa karibu tupu, na ukitoa hivi vilivyobaki, mtoto atakuwa amekula vitatu, vinne vikizidi. Muuguzi akashusha pumzi. Nami nikashusha.

"Kama ni hivyo, tutamwangalia kwa muda," akasema.

Na kweli, Chiriku akaacha kutapika. Baada ya muda akakaa, akataka kujua kwa nini viatu vya muuguzi ni vyeupe, na kama anavifua kwa sabuni ya unga au ya kipande. Muuguzi akacheka, nami nikacheka, na nikaanza kutunga maneno ya kumwambia binti yangu. Nitaeleza habari za kigoda. Za ulimi na sukari nitanyamaza.

Binti yangu aliingia akiwa na sare ya hoteli, viatu virefu mkononi, soksi zimechanika. Nilimuwahi kabla hajalia.

"Tulia, mwanangu. Ni vichache tu. Nimeshawaambia kwamba wewe unameza kila siku."

Akanitazama mimi, akamtazama muuguzi. Uso wake ukakosa rangi.

"Mama, mimi sivimezi."

"Huvimezi nini?"

"Vidonge. Niliviacha siku zile zile za mwanzo." Sauti yake ilikuwa inazama. "Vilinifunga choo. Hii lishe yangu peke yake ilishanifunga, nikiongeza na vile nilikuwa nalia chooni. Nikaacha. Niliogopa kukuambia, ungenicheka, ungesema si nilikuambia. Kopo lilikuwa na karibu vidonge vyote, mama."

Muuguzi hakusubiri amalize. Alitoka mbio, na unene wake wote.

Sijawahi kuogopa vile. Nilimzika mume wangu, lakini pale nilikuwa na huzuni, na huzuni unaweza kukaa nayo kitini. Hofu hii ilinisimamisha. Chiriku alikuwa kitandani anaimba, na kila alivyoimba nilizidi kuogopa, kwa sababu daktari aliyekuja alisema wazi kwamba kuchangamka kwake tusikuamini.

"Madini haya yana hila," akasema. "Mtoto hutapika, halafu hutulia, wazazi wakamrudisha nyumbani. Kumbe ndani yanaendelea na kazi. Yakifika kwenye ini ndipo ugonjwa hurudi kwa nguvu. Nataka picha ya tumbo sasa hivi."

Picha ikaletwa, akaiegemeza kwenye mwanga. Niliziona mbavu za mjukuu wangu, nyembamba kama meno ya kitana, na chini yake, kwenye giza la tumbo, vidoa vyeupe vya mviringo. Mimi nimeshona vifungo maisha yangu yote na mkono wangu una mazoea ya kuvihesabu. Nilianza, nikaacha.

Wakampitisha mpira mwembamba puani ili wamsafishe tumbo kwa maji ya dawa. Wakamtundikia dripu yenye dawa nyingine ya kukikamata chuma kilichokwisha kuingia kwenye damu. Niliambiwa nishike miguu. Alinililia mimi, si mama yake, "Bibi waambie waache," na mimi ndiye niliyekuwa nimemshikilia. Alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akalala, na Chiriku akiwa kimya chumba kile kilikuwa kikubwa mno.

Tulikaa kwenye benchi, mtu na mama yake.

"Mimi ndiye niliyeviweka kwenye kopo," binti yangu akasema.

"Na mimi ndiye niliyemfundisha kopo." Nikamweleza yote: kitana, ulimi, sanduku la nyuzi. Nilisubiri anipandishie sauti, nilitamani hata anipandishie.

"Nilijua, mama. Nikimbusu jioni nakuta chembe za sukari mashavuni. Nikaona nikikataza nitakuudhi bure."

Yeye alininyamazia sukari na mimi nilimnyamazia sukari, akanificha vidonge ili nisimcheke, na heshima yetu yote hiyo ilikuwa imelala kitandani na mpira puani. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Nilikuwa nikiusema msemo huo kwa wateja wanaochelewa kuleta vitambaa vyao.

Baadaye muuguzi alipombadilisha nepi waliyomvisha hapo hospitali, nikaona mkojo wake una wekundu wa kutu. Nikamshika daktari mkono, nikasahau adabu.

"Anatokwa damu."

"Siyo damu, bibi. Ni ile dawa inatoka pamoja na chuma. Rangi hii ndiyo tunayoitaka." Akanitoa vidole taratibu. "Lakini sijasema amepona. Ini lake tutalipima tena, na tena. Kaeni karibu."

Tukakaa. Nikajifunza kutazama nepi kama watu wengine wanavyotazama saa.

Aliamka kesho yake mchana. Dripu ilikuwa bado mkononi, midomo imekauka na kupasuka. Macho yake yalizunguka chumba polepole, yakampita mama yake, yakanipita mimi, yakasimama kwenye kabati dogo la kando ya kitanda. Kopo la bluu lilikuwa pale. Nililileta mwenyewe ili waone vidonge, na hakuna aliyekumbuka kuliondoa.

Chiriku alifumba macho, akafungua mdomo, akatoa ulimi.

Binti yangu aliniangalia. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka kwa mazoea. Nikalichukua kopo nikalificha nyuma ya mgongo, na yeye akaendelea kusubiri, ulimi nje, bila kuwa na shaka nami hata chembe.