Waliobaki Chini ya Bwawa

Kaunti ya Marbury, kaburi huchimbwa asubuhi ya mazishi. Halilali wazi. Dewitt alilijua hilo tangu utotoni, ila alitaka kukwepa jua la Agosti, akalichimba la baba yake mkubwa Lucius jioni ya jana yake.

Asubuhi akalikuta limefukiwa. Tuta safi kabisa, juu limepangwa kombe za konokono wa mtoni.

"Mpumbavu gani kafanya hivi?" akafoka.

Shangazi yake Vashti, aliyekuwa anafagia kaburi la Ola, mke wa Lucius, akasimamisha ufagio. "Ulichimba lini?"

"Jana."

"Jana! Umeacha mlango wazi, halafu unauliza nani kaingia?"

Bwawa lililo chini ya kilima hicho lilipojazwa, mji wa zamani ulizama na makaburi yake. Serikali ikasema maiti wote wamehamishwa. Waliohamishwa ni wenye mawe ya majina. Waliowekewa alama ya kijiti tu wakabaki chini. Marbury nzima inajua. Watu wa pale watakulisha mpaka ushindwe kuinuka, lakini ukiwauliza hilo, wanatafuna mkate wa mahindi na kutazama pembeni.

"Baba mkubwa tulimwahidi atalala na mkewe," Dewitt akasema. "Nafukua."

Koleo la kwanza likatoa tope jeusi linalonuka samaki, ilhali kilima kizima kilikuwa kikavu kama unga. La pili halikutoka. Kitu kililishika kutoka chini, taratibu, kama mtu anayejivutia shuka akisikia baridi.

Dewitt akaliachia.

"Keshalala huyo, mwache," Shangazi akanong'ona. "Chimba upande wa pili wa Ola."

"Kule mizizi mitupu!"

"Si una shoka? Au nikubebee?"

Akakata, akachimba, shati likamganda mgongoni. Alipomaliza, jeneza lilikuwa bado kanisani. Akashika ukingo atoke, mkono ukagusa majimaji. Nyayo. Za miguu peku, kubwa na ndogo, zimepanga foleni kutoka bwawani hadi usoni pake. Juu ya nyayo hakuna mtu.

"We mtoto, toka unywe maji!"

"Sitoki, Shangazi. Wataingia."

"Kina nani?"

"Wako wengi."

Shangazi akaona ardhi inavyolowa. Akatupa ufagio, akakimbilia kanisani na uzee wake wote, akipiga kelele walete jeneza haraka.

Dewitt akalala chali, akatanua mikono na miguu ijaze nafasi yote. Tone la maji baridi likamdondokea kwenye paji la uso. Akafumba macho, hakusogea.